Nani Anayehama Siku ya Ndoa?

Katika sehemu kubwa ya dunia ya leo, ndoa ikishafungwa mwanamke ndiye anayeaga. Anaiacha nyumba aliyozaliwa, majirani waliomlea na shamba analolijua kila pembe, anakwenda kuanza maisha kwa watu ambao wote wanafahamiana isipokuwa yeye. Watoto atakaowazaa watahesabiwa ukoo wa huko, na mume akifariki huenda akalazimika kuomba aruhusiwe kukaa kwenye ardhi aliyoilima nusu ya umri wake. Utaratibu huu umezoeleka kiasi kwamba wengi wetu tunaamini ndivyo dunia ilivyoumbwa. Sura hii inasimamia hoja tofauti. Mfumo dume, yaani utaratibu unaowapa wanaume mali, maamuzi na jina la ukoo kwa kuwa tu ni wanaume, una umri wake, nao ni mdogo sana ukilinganishwa na umri wa binadamu. Ulikua hatua kwa hatua, mahali pengine mapema na pengine kwa kuchelewa, kila ilipopatikana mali ya kuwekwa, kurithishwa na kuporwa, kisha mali hiyo ikafungwa kwenye ukoo wa kuumeni na mwanamke akawa ndiye wa kuhama. Anayetaka kuelewa chimbuko la mfumo huo na aanze kwa kuuliza nani anabaki kwao na nani anaondoka.

Wasomi wamelijibu swali la chimbuko kwa njia mbili zinazopingana. Mwaka 1861 Johann Jakob Bachofen, mwanasheria wa Uswisi, alidai kwamba kabla ya utawala wa baba binadamu wote walipitia utawala wa mama. Mwaka 1884 Friedrich Engels, akitegemea utafiti wa Mmarekani Lewis Henry Morgan, aliandika kwamba ujio wa mali binafsi ndio uliomwangusha mwanamke kutoka hadhi aliyokuwa nayo. Katika karne ya 20 mwanaakiolojia Marija Gimbutas, mzaliwa wa Lithuania, aliichora Ulaya ya kale kuwa nchi ya amani iliyoabudu miungu ya kike, hadi ilipovamiwa na wafugaji wa farasi kutoka nyika za mashariki. Upande wa pili wako wanaosema mwanamume alitawala tangu mwanzo kwa sababu ana mwili mkubwa na hanyonyeshi. Pande hizi mbili zinagongana, lakini zina dosari moja: kila upande unadhani binadamu wote wa kale waliishi kwa mtindo mmoja. Mifupa, vinasaba na maisha ya jamii zilizopo vinatuonyesha mitindo mingi. Engels alipatia kwenye mali, akakosea kwenye enzi ya utawala wa mama. Enzi hiyo haijathibitika popote; kilichothibitika ni kwamba zilikuwapo jamii nyingi ambamo hakuna jinsia iliyoikalia nyingine.

Tuanze na hoja ya maumbile, maana ndiyo inayosemwa zaidi barazani na ndiyo inayowanyima watu hata hamu ya kuuliza. Jamaa zetu wa karibu zaidi katika viumbe hai ni wawili, sokwe na bonobo, na sote tuko mbali nao kwa kipimo kilekile. Sokwe wa Gombe, ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960, wana madume yanayowatawala majike wote, mara nyingi kwa kipigo. Bonobo, wanaopatikana katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo peke yake, kusini mwa Mto Kongo, wana majike wanaotangulia kwenye chakula na wanaoweza kulifukuza dume linalowasumbua. Dume la bonobo ni kubwa kuliko jike, kama ilivyo kwa sokwe na kwa binadamu. Tena jike la bonobo likikomaa huliacha kundi lililomzaa, kwa hiyo halina mama wala dada wa kulisaidia. Linalolilinda ni urafiki na majike wengine: dume likileta ukorofi, wanalishukia kwa pamoja. Basi misuli peke yake haiamui nani anatawala. Hata kwetu binadamu, wazee wanaoamua mambo ya ukoo hawana nguvu za kuwashinda vijana wao. Mamlaka hutokana na idadi ya watu watakaosimama upande wako siku ya ugomvi, na hapo ndipo suala la kuhama linapopata uzito. Mcheza kwao hutunzwa. Anayecheza ugenini lazima kwanza atafute wa kumtunza.

Kwa sehemu kubwa ya maisha yake duniani, binadamu aliishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kuokota matunda. Pembezoni mwa Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, baadhi ya Wahadzabe bado wanaishi hivyo. Wanawake huchimba viazi pori kwa mti uliochongwa ncha, huokota ubuyu na matunda madogo ya porini. Wanaume huwinda kwa upinde na kufuata asali. Kristen Hawkes na wenzake, walioishi nao katika miaka ya 1980, waligundua kwamba bibi waliopita umri wa kuzaa ndio miongoni mwa wachimbaji hodari kuliko wote, na kwamba mama akiwa na mtoto mchanga, jasho la bibi ndilo linalowanenepesha wajukuu waliokwisha kuachishwa ziwa. Wanandoa wengi, hasa mwanzoni, hukaa kwenye kambi ya mama wa mke. Ndoa ikimchosha mwanamke, hahitaji kikao cha wazee; anatoka na kwenda kwenye kambi nyingine, na haachi nyuma shamba wala zizi. Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeanza kazi yake huko mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza mwaka 1982 kwa nini hali iko hivyo. Alitofautisha jamii ambazo jasho la leo linaliwa leo na jamii zinazowekeza leo ili zivune baadaye. Katika jamii za kwanza hakuna akiba ya kumfunga mtu mahali pamoja, na asiyeweza kufungwa ni vigumu kumtawala.

Usawa wa Wahadzabe una mipaka yake, nasi hatuna haja ya kuuremba. Zipo sehemu za nyama ya mnyama mkubwa, ziitwazo epeme, ambazo huliwa na wanaume watu wazima peke yao, na wanawake hukatazwa. Zaidi ya hapo, mpinzani atasema kwamba Wahadzabe ni watu wa leo: wamepakana na wakulima na wafugaji kwa karne nyingi, na si haki kuwafanya picha ya watu wa miaka 50,000 iliyopita. Hoja hiyo ina nguvu, na njia ya kuijibu ni kutafuta ushahidi kwingine. Mwaka 2015 timu ya Mark Dyble ilichapisha hesabu za makazi ya Waagta wa Ufilipino na Wabayaka wa Kongo-Brazzaville, jamii mbili zilizo mbali sana na ambazo kila moja ina mazingira na historia yake. Walikuta kambi zenye mchanganyiko wa ndugu wa mume, ndugu wa mke na watu wasio na undugu wowote. Hesabu zao zikaonyesha kwamba mchanganyiko wa namna hiyo hutokea pale mume na mke wanapokuwa na sauti sawa ya kuamua wataishi na nani. Mmoja akiamua peke yake, kambi hujaa ndugu za mwamuzi.

Makaburi nayo yana la kusema. Katika eneo la Wilamaya Patjxa, kwenye nyanda za juu za Peru, wanaakiolojia walifukua kaburi la kijana aliyezikwa miaka 9,000 hivi iliyopita. Pajani mwake palikuwa na zana zilizopangwa pamoja kana kwamba ziliwekwa ndani ya mfuko: ncha za mawe za silaha ya kurusha, visu, na mawe ya kukwangulia ngozi. Waliokuwepo walidhani wamempata mwindaji mkubwa wa kiume. Uchunguzi wa protini za meno ukaonyesha kwamba alikuwa msichana wa miaka 17 hadi 19. Mtu anaweza kujibu kwamba kitu kuwa kaburini hakuthibitishi marehemu alikitumia, na kaburi moja halifanyi kanuni. Ni kweli, ndiyo maana Randall Haas na wenzake walipitia upya makaburi ya kale ya Amerika yenye zana za kuwindia wanyama wakubwa, na katika 27 ambayo jinsia ya marehemu ilifahamika, 11 yalikuwa ya wanawake. Kama zana hizo zinatosha kumfanya marehemu wa kiume aitwe mwindaji, haki inataka zitoshe pia kwa marehemu wa kike.

Ikiwa usawa wa kiasi hicho uliwezekana, ulivunjika lini? Jibu la haraka ni kilimo, lakini ushahidi unatutaka tusikimbie. Çatalhöyük, kusini mwa Uturuki, ni makazi ya wakulima yaliyoanza karibu mwaka 7100 KK na kudumu zaidi ya miaka 1,000. Nyumba zake zilijengwa zikigusana, bila mitaa. Watu walipita juu ya mapaa na kushuka ndani kwa ngazi, na wafu wao waliwazika chini ya sakafu ya nyumba walizoishi. James Mellaart, aliyeanza kuchimba hapo mwaka 1961, alikuta kinyago cha mwanamke mnene aliyeketi katikati ya wanyama wawili, na dunia ikaambiwa kwamba huo ulikuwa mji wa Mungu Mama. Ian Hodder aliporejea na timu yake kuanzia mwaka 1993, waliona kwamba vinyago vingi zaidi ni vya wanyama. Walichokiona kwenye mifupa kina uzito kuliko kinyago chochote: wanaume na wanawake walikula chakula kinachofanana, na masizi ya moshi wa jikoni yalikuwa yameganda ndani ya mbavu za wote, ishara kwamba wote walishinda ndani kwa muda unaolingana. Mwaka 2025 vinasaba vya watu zaidi ya 100 waliozikwa humo viliongeza jambo kubwa. Waliozikwa katika nyumba moja, pale walipokuwa ndugu, waliunganishwa mara nyingi kwa upande wa mama. Watafiti walikadiria kwamba kati ya asilimia 70 na 100 ya mabinti walibaki na uhusiano na nyumba zao, ilhali wavulana walielekea kuhama, na watoto wa kike walizikwa na vitu vingi kuliko wa kiume, takriban mara tano. Hawa walikuwa wakulima kamili, wenye nafaka, mbuzi na kondoo. Jembe halikumshusha mwanamke siku lilipoingia ardhini.

Hata hivyo kilimo kiliandaa mazingira. Kando ya mto Frati, nchini Syria, kijiji cha kale cha Abu Hureyra kilichimbwa katika miaka ya 1970 kabla hakijafunikwa na maji ya bwawa. Theya Molleson alipoichunguza mifupa ya watu wake, alivutwa na vidole vya miguu. Kifundo cha kidole gumba kilikuwa kimelika. Magoti yalikuwa na alama za kukunjwa kwa muda mrefu. Pingili za chini za mgongo zilikuwa zimebonyea. Alitambua mkao uliozaa majeraha hayo: mtu amepiga magoti, vidole vimekunjwa chini yake, anasukuma jiwe mbele na kulivuta nyuma juu ya jiwe la kusagia, saa baada ya saa, siku baada ya siku. Wengi wa wenye majeraha hayo walikuwa wanawake. Pamoja na kusaga kulikuja kuzaa kwa karibu zaidi. Kwa wawindaji mtoto hufuatana na mwenzake kwa miaka mitatu au minne, kwa sababu mama hunyonyesha kwa muda mrefu na hutembea sana. Uji wa nafaka na makazi ya kudumu vilipunguza nafasi hiyo. Mwanamke hakudhoofika kwa hayo. Alison Macintosh na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba mifupa ya mikono ya wanawake wa vijiji vya mwanzo vya wakulima wa Ulaya ya kati ilikuwa imara kuliko ya wanawake wa leo wanaoshindana kupiga makasia. Kilichobadilika ni thamani ya kazi yake na ya uzazi wake machoni mwa wengine. Mtu ambaye mikono yake hujaza ghala na tumbo lake huongeza ukoo ni mtu ambaye koo zingine zitataka kumpata, kwa mazungumzo ikiwezekana, na kwa nguvu isipowezekana.

Karibu mwaka 4700 KK tunaanza kuuona mpango mwingine waziwazi. Huko Gurgy, Ufaransa, watafiti walisoma vinasaba vya wakulima waliozikwa katika eneo moja la makaburi, na mwaka 2023 wakachapisha nasaba moja yenye watu 64 wa vizazi saba. Mstari wake ni wa baba kwa mwana, baba kwa mwana, toka mwanzo hadi mwisho. Mabinti wa ukoo waliokufa wakiwa watu wazima karibu hawamo. Walikwisha kuolewa kwingine. Wake waliozikwa hapo walitoka nje, na hata wao kwa wao hawakuwa ndugu wa karibu. Makaburi ya Gurgy hayana dalili za vita, na ndoa zake zinaonekana zilikuwa za mke mmoja. Lakini mpangilio wake ni ule ninaousema: wanaume walioshirikiana babu na ardhi walibaki pamoja, na wanawake walifika mmoja mmoja. Kwingineko mpangilio huo ulikuwa na sura ya kutisha. Talheim, Ujerumani, shimo la miaka 7,000 hivi iliyopita lilikutwa na watu 34 waliouawa, wengi kwa mashoka ya mawe. Schletz, Austria, palipotokea mauaji ya aina hiyo katika zama hizohizo, miongoni mwa mifupa wanawake vijana ni wachache mno. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba walichukuliwa wakiwa hai.

Vinasaba vya wanaume walio hai leo vinabeba kumbukumbu ya kipindi hicho. Kromosomu Y hupitishwa na baba kwa mwana peke yake, na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kati ya miaka 7,000 na 5,000 iliyopita aina zake zilipungua ghafla katika mabara kadhaa. Kwa makadirio, kila mwanamume mmoja aliyeacha uzao unaofika leo alilingana na wanawake 17. Hii haimaanishi kwamba wanaume walikuwa wameisha duniani. Maelezo yaliyotolewa mwaka 2018 na Tian Chen Zeng, Alan Aw na Marcus Feldman wa Chuo Kikuu cha Stanford ni kwamba wanaume walikuwa wamejipanga kwa koo za kuumeni zilizopigana na kunyang'anyana. Ukoo mzima wa wanaume wenye babu mmoja ulipofutwa, mstari wake wa kromosomu ulipotea wote. Wanawake wake waliingizwa kwa washindi na mistari yao ikaendelea. Maelezo hayo yakiwa sahihi, tunaelewa pia kwamba mfumo dume ulianza kwa kuwaua wanaume wengi kabla haujawanufaisha wachache. Kijana wa kawaida wa zama hizo hakuwa mfalme. Alikuwa askari wa ukoo.

Afrika yetu inatupa kipimo bora zaidi cha hoja hii, kwa sababu ina jamii nyingi zenye lugha za asili moja ambazo zimegawanyika kwa namna ya kurithi. Mwaka 2003 Clare Holden na Ruth Mace walilinganisha jamii 68 zinazosema lugha za Kibantu wakitumia mti wa ukoo wa lugha hizo, ili wajue kilichotangulia na kilichofuata. Waliona kwamba jamii zilizokuwa zikifuata ukoo wa mama, zikipata ng'ombe, ziliuacha na kuhamia ukoo wa baba au mchanganyiko. Sababu inaeleweka kwa yeyote anayejua mahari. Ng'ombe huzaana, hutembea, huporwa usiku na huhitaji vijana wa kuwalinda. Kijana aliyerithi ng'ombe anaweza kuoa, hata kuoa tena, na kumletea babu yake wajukuu wengi. Binti akirithi kundi hilohilo hawezi kuzaa zaidi kwa ajili yake. Wazazi wakaona faida ya kuwaachia wavulana mifugo, na wasichana wakawa njia ya kuiingiza. Itazame ramani ya Tanzania kwa jicho hilo. Wamakonde, Wamwera na Wayao wa kusini, na Waluguru wa milima ya Morogoro, walifuata ukoo wa mama. Sehemu kubwa ya kusini ilikuwa nchi ya mbung'o, ambapo ng'ombe hawakustawi. Nyanda za wafugaji, kwa Wamasai, Wakuria na Wasukuma, zilishika mahari ya ng'ombe na ukoo wa baba.

Mahali pengine kazi iliyofanywa na ng'ombe wa mahari ilifanywa na ng'ombe wa plau. Ester Boserup alieleza mwaka 1970 kwamba plau inataka nguvu za juu za mwili na inambana mama mwenye mtoto mgongoni, kwa hiyo shamba likageuka kuwa la mwanamume na mwanamke akasogezwa ndani. Mwaka 2013 Alberto Alesina, Paola Giuliano na Nathan Nunn walipima dai hilo, wakakuta kwamba watu wenye asili ya jamii za plau wana wanawake wachache zaidi katika kazi na siasa hadi leo, hata miongoni mwa watoto wa wahamiaji waliokulia nchi nyingine. Mtu atauliza mara moja: mbona wanawake wa Afrika wanashika jembe la mkono kutwa, wanalisha familia, na bado hawamiliki? Swali hilo linaitia nguvu hoja yetu. Kufanya kazi peke yake hakujawahi kumpa mtu mamlaka. Ingekuwa hivyo, mtumwa angekuwa mtawala. Mamlaka hufuata umiliki, na umiliki hufuata ukoo unaotambuliwa. Jasho linalodondoka kwenye ardhi ya watu wengine huongeza mali ya watu hao.

Dola zilipozuka, desturi iliandikwa kuwa sheria na kusimamiwa na askari. Vibao vya udongo vya Ashuru, vilivyonakiliwa karibu karne ya 11 KK, vinaamuru wake na mabinti wa waungwana wafunike vichwa wakitoka nje, na vinamkataza kahaba na kijakazi kufanya hivyo. Kahaba akikamatwa amejifunika alipigwa viboko 50 na kumwagiwa lami kichwani. Kijakazi alikatwa masikio. Mwanamume aliyeona asishitaki naye aliadhibiwa. Gerda Lerner, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alionyesha uzito wa kifungu hiki: dola iliwagawa wanawake katika walio chini ya ulinzi wa mwanamume na wasio na mwenyewe, ili kila mmoja ajue gharama ya kutoka kwenye ulinzi huo. China mifupa yenyewe inashuhudia mabadiliko hayo. Katika vijiji vya utamaduni wa Yangshao, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, wanaume na wanawake walikula chakula cha aina moja. Kufikia enzi ya Zhou ya Mashariki, iliyoanza karne ya 8 KK, wanaume walipata mtama na nyama zaidi, wanawake wakategemea zaidi ngano na soya, vyakula vilivyodharauliwa wakati ule, na mifupa yao ikaonyesha dalili za utapiamlo tangu utotoni. Hapo ubaguzi ulikuwa umeshaingia kwenye sahani ya mtoto.

Pingamizi zito kuliko yote bado halijajibiwa. Inasemwa kwamba hata katika jamii za ukoo wa mama anayeamua ni mjomba, kwa hiyo mwanamke amebadilishiwa bwana tu. Ni kweli kwamba ukoo wa mama si utawala wa mama, na atakayeuita hivyo atakuwa anarudia kosa la Bachofen. Lakini tofauti kati ya mjomba na mume ni kubwa kwa mwanamke mwenyewe. Mjomba ni damu yake, na heshima ya mjomba imo ndani ya watoto wake. Hana faida ya kumfukuza. Kisiwa cha Ngazidja, katika Komoro, kinalionyesha hili vizuri. Watu wake ni Waislamu kwa karne nyingi, na bado ardhi na nyumba za ukoo, ziitwazo manyahuli, hupita kwa upande wa wanawake bila kugawanywa wala kuuzwa nje ya ukoo. Familia humjengea binti nyumba, na mume ndiye anayehamia. Ndoa ikivunjika, anayefunga mizigo ni mwanamume. Mfano huo unajibu pia dai kwamba mfumo dume ni zao la dini: imani ileile imekaa na watu wa mahari ya ng'ombe na imekaa na watu wa manyahuli, na kila mahali imekuta makazi na mirathi vikiwa na mpangilio wake.

Wala safari hii haikwenda upande mmoja tu. Mwaka 2025 timu ya Lara Cassidy wa Chuo cha Trinity, Dublin, ilichapisha vinasaba vya Wadurotriges waliozikwa kusini mwa Uingereza katika miaka ya kabla na baada ya Warumi kuingia. Zaidi ya theluthi mbili yao walitokana na mama mmoja wa zamani, na wanaume wengi walikuwa wageni walioolea hapo. Hawa waliishi miaka 4,000 na ushee baada ya Gurgy, ng'ambo tu ya mkono wa bahari, wakijua ng'ombe, chuma na vita. Kama mfumo dume ungekuwa mwisho usiokwepeka wa kila jamii inayolima na kufuga, Wadurotriges wasingekuwapo. Mali ya kurithishwa huusukuma mkokoteni upande mmoja, lakini watu wanaweza kuushika usukani.

Ushahidi huu unatuhusu leo kwa sababu unatuambia pa kushika. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Tanzania, Mwanza, ilisikiliza shauri la mwanamke wa Kihaya aliyeachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia, akaliuza, na mpwa wake wa kiume akataka uuzaji ubatilishwe. Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, zikamnyima haki ya kuiuza, na mantiki yake ni ile ya Gurgy: binti ni wa kuondoka, na ardhi isiondoke naye. Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba kanuni hiyo inapingana na Katiba na mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania imeridhia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikatamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ikaagiza ubaguzi wa kijinsia katika ardhi ukomeshwe. Sheria hizi zimelenga penyewe hasa, lakini haki hazijawafikia wote, na mpaka zitakapowafikia hatuna sababu ya kuridhika. Kampeni nyingi za usawa huwahubiria wanaume wawe wapole. Upole ni wema, nao unaweza kuondolewa kesho asubuhi na aliyeutoa. Kilichomwinua mwanamke wa Çatalhöyük, wa Ngazidja na wa kambi ya Wahadzabe ni kwamba alikuwa na pa kusimama pasipotegemea hisani ya mume, na watu wa kusimama naye. Kwa hiyo kila sheria ya ndoa, kila wosia na kila kikao cha ukoo kipimwe kwa swali moja: mwanamke huyu ndoa ikimshinda leo, atakwenda wapi, atabeba nini kilicho chake, na nani ana wajibu wa kumpokea? Jamii inayoweza kulijibu swali hilo kwa uhakika imeanza kuung'oa mfumo dume kwenye mzizi wake, na mzizi huo, kwa kuwa ulipandwa na watu, watu wanaweza kuung'oa.